Somo: Kodi za U na Moduli Zisizosikilizana, Anza na Waya Kabla ya Kulaumu Kompyuta

Mafundi wenzangu, kodi (namba za hitilafu ambazo mashine ya uchunguzi husoma kwenye gari) zinazoanza na herufi U zimewala wateja wetu hapa Kisumu pesa nyingi bila sababu. Mashine ikiandika U0100, fundi humtuma mwenye gari akatafute kompyuta ya injini kwa wauza vipuri vya mtumba, ilhali kodi hiyo haijasema kwamba kompyuta imekufa. Imesema tu kwamba moduli nyingine, yaani kompyuta nyingine ndogo ya gari, ilisubiri ujumbe wake na haikuupata, na huyo asiyesikika huenda ni mzima, ila njia imekatika au hana umeme.

Moduli nyingi huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, yaani CAN ya juu na CAN ya chini, mfumo ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Kwa kawaida kila mwisho wa njia hiyo kuna rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya ohmu 120, na kwa kuwa mbili hizo zimeungwa sambamba, multimita husoma ohmu 60.

Hatua ya kwanza ni betri, kwa sababu betri dhaifu huzaa kodi za uongo. Ikiwa chini ya volti 12, ichajiwe kwanza, kisha soma moduli zote, si injini peke yake, na uandike kwenye karatasi nani anamlalamikia nani. Moduli moja ikinyamaza na nyingine zikajibu, shuku tawi lake, fyuzi yake au ethi yake, yaani waya wake wa kwenda kwenye bodi. Zikinyamaza zote, shuku njia kuu, au soketi yenyewe ya kuchomeka mashine, iliyo chini ya usukani: pini 16 iwe na umeme wa betri, na pini 4 na 5 ziwe na ethi.

Hatua ya pili ni ohmu. Ondoa waya wa hasi wa betri, subiri dakika chache moduli zilale, kisha pima kati ya pini 6 na 14. Ukipima umeme ukiwapo, namba utakayopata itakudanganya. Ohmu 60 ni njia iliyokamilika, 120 ni njia ambayo mwisho wake mmoja haufikiki, na karibu na sifuri ni nyaya mbili zilizogusana.

Hatua ya tatu, rudisha betri na uwashe swichi. CAN ya juu isome juu kidogo ya volti 2.5, na ya chini isome chini kidogo ya hapo. Waya ukisoma sifuri au volti 12, umegusa bodi au umeme mahali fulani. Chomoa moduli moja baada ya nyingine huku macho yako yakiwa kwenye multimita, na ile ambayo ikichomolewa volti zinarudi, hapo ndipo pa kuchimba.

Niliwahi kuletewa gari dogo la mtumba lililowasha taa ya ABS, yaani ya breki za kuzuia magurudumu yasijifunge, kila lilipooshwa ufukoni mwa ziwa, na mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue pampu nzima. Multimita ilisoma 60, nami nusura niridhike. Nilipotikisa fungu la nyaya karibu na pampu, namba iliruka hadi 120 ikarudi. Ndani ya plagi pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani na kubaki nyembamba kama sindano, na mpira wa kuzuia maji ulikuwa umepasuka. Katika gari hilo rezista ya mwisho imo ndani ya moduli ya ABS, na ndiyo maana njia nzima ilitetereka. Pini mpya na mpira mpya vilitosha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nakuru: Mwalimu, asante kwa somo. Nimepata 60 kamili, lakini kompyuta ya injini bado haijibu. Sasa niibadilishe?

Jibu: Bado, ndugu yangu. Ohmu 60 zinakuhakikishia njia kuu tu. Pima umeme na ethi kwenye plagi ya kompyuta hiyo kwa balbu ya wati 21, si kwa multimita pekee, kwa maana waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 na bado ushindwe kubeba mzigo. Balbu ikififia, umepata ugonjwa wako.

Mwanachama, Kakamega: Kuna gari la Ulaya ambalo pini 6 na 14 hazitoi 60 kabisa, na gari linatembea vizuri.

Jibu: Katika magari mengi ya aina hiyo kuna moduli ya lango kati ya soketi na njia za ndani, kwa hiyo hapo unapima kipande cha nje tu. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari hilo, upime nyuma ya lango.

Mwanachama, Bungoma: Panya wamekata nyaya zote mbili. Naweza kuzifunga kwa utepe?

Jibu: Hapana. Tia lehemu, funika kila waya peke yake, kisha uzisokote tena karibu kabisa na kiungo. Zikisokotwa, kelele za umeme huziingia zote mbili kwa kiasi kilekile, na moduli, kwa kuwa hutazama tofauti kati yao, haizisikii. Ukiacha kipande kirefu kimenyooka, kodi zitarudi injini ikinguruma, na hutaziona tena gari likiwa limezimwa.