Dawa za Kichina za joto la kukoma hedhi na kusahausahau: kabla hujachemsha, fanya hivi

Mamdogo wangu wa Ngamiani alikuja kwangu na paketi ya vipande vya mzizi, ukifungua tu harufu tamu kali imejaa chumba, maandishi yote Kichina, muuzaji kamwambia hii ya kina mama chemsha unywe joto litaisha. Nikapiga picha zile herufi nikazitafsiri kwa simu, ikatoka danggui, ndo hiyo wengine wanaita dong quai. Na mamdogo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, jamani! Danggui na warfarini haviendi pamoja, damu inaweza kuvuja mpaka ukakimbizwa hospitali.

Kwahiyo kwanza jua jina la mmea, muuzaji akishindwa kukutajia usinunue. Pili beba paketi pamoja na dawa zako zote za presha, sukari na damu, umwonyeshe mfamasia au daktari, usione aibu. Na hiyo danggui yenyewe ilipopimwa Marekani 1997 ikiwa peke yake, haikupunguza joto kuliko kidonge kisicho na dawa.

Sio kwamba nadharau dawa za Kichina, hata dawa mseto tunayomeza ya malaria imetokana na mmea wao, Tu Youyou akapewa Nobel 2015. Ila ule mmea ulipimwa kwanza.

Ya joto mi nashauri uanze na soya. Ina isoflavoni, zinafanana kidogo na estrojeni, ile homoni ya kike inayopungua mwilini, kuna wanaopata nafuu kiasi na wengine hawasikii kitu maana inategemea na bakteria wa tumboni mwako. Changanya unga wa soya kwenye uji, uive vizuri, kila siku, na uvumilie hata miezi mitatu. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti asiguse vidonge vya soya bila daktari wake.

Ya kusahau wengi wanakimbilia jinko (ginkgo), dawa ya majani ya mti wa Kichina. Walipimwa wazee zaidi ya 3,000 Marekani, matokeo yakatoka 2008, haikuzuia ugonjwa wa kusahau, na yenyewe pia sio rafiki wa dawa za kuzuia damu kuganda. Huperzini A, inayotolewa kwenye mmea mwingine wa Kichina, nayo inazuia kuvunjika kwa asetilikolini, kemikali ya kumbukumbu, lakini inaweza kupunguza mapigo ya moyo, hiyo usijinunulie kabisa. Halafu kama usiku unaamka umelowa jasho mara nne, kichwa kitashikaje kitu? Tibu usingizi kwanza.

Jaribu kitu kimoja kimoja, uandike kwenye daftari. Ukitoka damu baada ya mwaka mzima bila hedhi usitafute mzizi wowote, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Mamdogo mzizi kauacha, damu kapima iko sawa, kila joto likija anachora kijiti. Wiki ya kwanza ya uji wa soya vilikuwa tisa kwa siku, sasa vitano, siwezi kusema ni soya peke yake maana na feni tumemnunulia, ila analala.