Jinsi ya Kupanga Kongamano Ambalo Washiriki Watajifunza

Makongamano mengi yanayofanyika katika mahoteli ya Malindi na Lamu huanza kupangwa kwa orodha ya wageni mashuhuri watakaozungumza. Waandaaji huwagawia wageni hao saa zote za mchana, na muda ukibaki, huweka kipindi kifupi cha maswali. Washiriki huketi kimya tangu asubuhi hadi jioni, hutia saini ya posho, na wiki inayofuata hurejea kazini wakifanya mambo yale yale kwa namna ile ile. Mwongozo huu unapendekeza mpango uanze na kile ambacho mshiriki atakifanya akirudi kwake, na sehemu kubwa ya muda wa kuzungumza wapewe washiriki wenyewe.

Tuchukue mfano wa kongamano la siku mbili mjini Lamu, linalowakutanisha wavuvi, wachuuzi, kina mama wanaokaanga samaki na maafisa wa uvuvi, kuhusu jinsi ya kupunguza samaki wanaoharibika kabla ya kufika sokoni. Kabla ya kukodi ukumbi au kumwalika mtu yeyote, kamati ya maandalizi iketi iandike sentensi moja tu inayoeleza mshiriki atakuwa akifanya nini mwezi mmoja baada ya kongamano. Kuandika kwamba "atakuwa na uelewa wa kina wa sekta ya uvuvi" hakutoshi, kwa kuwa hakuna awezaye kwenda gatini akauona uelewa huo. Kuandika kwamba "atakuwa anabeba barafu ya kutosha kila anapokwenda kuvua, na anaipanga ipasavyo pamoja na samaki" kunafaa, kwa sababu jambo hilo linaonekana kwa macho. Kila mada isiyochangia sentensi hiyo iondolewe, hata kama mwenye kuitoa ni mtu mkubwa. Hatua hii ni ngumu kuliko zote zinazofuata, na kamati ikikosa ujasiri wa kuipitia, ratiba itajaa hotuba bila shaka yoyote.

Tarehe ichaguliwe kwa kuangalia maisha ya washiriki. Wakati wa kaskazi wavuvi wengi huwa baharini; wakati wa kusi, hasa upepo unapovuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai, wengi hubaki nchi kavu na hupatikana kwa urahisi, ingawa waandaaji wanapaswa kukumbuka kwamba wanaovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, au wanaokuja kutoka kisiwa cha Pate watasafiri katika bahari chafu, na hivyo kikao cha kwanza kisianze asubuhi na mapema. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, wanaochokoa pweza miambani hawawezi kuacha kazi yao. Mwezi wa Ramadhani uepukwe, na vilevile siku za Maulidi, wakati mji wa Lamu unapojaa wageni. Mapumziko ya mchana yaanze saa sita na robo ili adhuhuri isimkatize mtu katikati ya maelezo, na Ijumaa asubuhi ipangiwe kazi fupi zinazokwisha mapema.

Kuhusu ukumbi, jambo moja lina uzito kuliko mengine yote: viti visipangwe kwa safu zinazotazama jukwaa. Vipangwe kwa duara za watu watano au sita, kwa kuwa anayemtazama mwenzake usoni huzungumza naye, na watu wa Lamu wamekulia katika darsa na barazani, ambako kuketi hivyo ni jambo la kawaida. Ikiwa mnatumia mahali pa wazi, kama uwanja wa ndani wa Ngome ya Lamu, projekta haitaonekana vizuri mchana. Andaeni karatasi kubwa za ukutani na kalamu nene.

Sasa tuangalie kikao kimoja cha dakika 75, kwa sababu hapa ndipo kongamano hufaulu au kuanguka. Msimamizi anaanza kwa swali la kazi, wala si kwa wasifu wa mtoa mada: "Umeshapata kilo 40 za changu na tafi saa kumi na mbili asubuhi, na hutafika gatini kabla ya saa tisa alasiri. Ulipaswa kuondoka na barafu kiasi gani?" Majibu matatu yamebandikwa katika pembe tatu za ukumbi. Kila mshiriki anafikiri peke yake kwa dakika mbili, kisha anakwenda kusimama kwenye jibu lake, jambo ambalo humwezesha hata asiyejua kusoma kushiriki sawa na afisa mwenye shahada. Halafu kila mmoja anamtafuta mtu aliyesimama pembe nyingine, na kwa dakika 10 wanajaribu kushawishiana, kisha watu wote wanachagua upya. Njia hii ya swali, mjadala na jibu la pili ilianza kutumiwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1991, baada ya kuona kwamba mihadhara yake haikuwafikisha wanafunzi kwenye uelewa aliotarajia, na inafaa sana kwa watu wazima wenye uzoefu wa kazi.

Mtaalamu huzungumza baada ya hapo, kwa dakika 15 tu. Anaeleza kwamba katika nchi za joto kipimo kinachotumiwa sana ni takriban kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na kwamba barafu iwekwe chini, kati na juu, huku maji yanayoyeyuka yakipata pa kutokea. Aliyekwisha kusimama kwenye jibu lake mbele ya wenzake husikiliza maelezo hayo kwa shauku, kwa kuwa anataka kujua kama alipatia. Muda unaobaki unatumiwa kupanga kasha halisi, kwa samaki halisi na barafu iliyopondwa, kila kundi na kasha lake.

Watoa mada waelezwe mapema kwa simu kwamba dakika zao ni 15, na msimamizi apewe mamlaka ya kuwakatiza kwa adabu. Viongozi wa kaunti wakaribishwe kwa dua na maneno machache, kisha waombwe kuketi ndani ya duara kama washiriki wengine. Kiongozi anayemsikiliza mvuvi kwa saa moja huondoka na mengi kuliko aliyehutubia na kuondoka. Kina mama wawe na makundi yao yenye msimamizi mwanamke pale inapobidi, na makundi hayo yatoe ripoti mwanzo, kabla wanaume hawajamaliza hoja zote. Lugha iwe Kiswahili, na mgeni asiyekijua atafutiwe mkalimani wa kuketi kando yake.

Kujifunza leo na kukumbuka kesho ni mambo mawili tofauti. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau upesi kile asichokirudia, na mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke waligundua kwamba wanafunzi waliojaribiwa kukumbuka walichosoma walikikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tena. Kwa hiyo siku ya pili isianze kwa msimamizi kusoma muhtasari wa jana. Ianze kwa dakika 20 ambapo kila mtu, bila kuangalia daftari, anamweleza jirani yake mambo matatu anayoyakumbuka na lipi kati ya hayo atalifanya.

Alasiri ya siku ya pili iachwe wazi, kwa namna aliyoianzisha Harrison Owen, Mmarekani, mwaka 1985: mwenye jambo analolitaka lijadiliwe analiandika kwenye karatasi, analibandika ukutani na kutaja pembe atakayoketi, na kila mtu yuko huru kuhama kundi ambalo halimsaidii. Waandaaji wengi huogopa saa hizi zisizo na mada, lakini ndizo zinazotoa maswali ambayo kamati isingeyafikiria, kama nani atamiliki mashine ya barafu na nani atailipia umeme.

Kabla ya kuagana, kila mshiriki achague mwenzake mmoja wa kijiji kingine, wabadilishane nambari za simu, na kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja atakalolifanya. Baada ya mwezi, kamati iwapigie simu au iwatumie ujumbe wa sauti kuuliza kama jambo hilo limefanyika na nini kimelizuia, kisha mjumbe mmoja apande mashua aende akayaone makasha yenyewe. Fedha za simu na nauli hiyo zitengwe katika bajeti ya kwanza kabisa, kabla ya fedha za mikoba na fulana, kwa kuwa kongamano likishamalizika hakuna mfadhili atakayeziongeza.