Batobato na manjano ya majani ya miwa: kagua mbegu kabla ya kukata

Ekari moja ya miwa humeza takribani tani tatu hadi nne za mbegu, yaani vipande vya shina vya kupandia. Mbegu hiyo ikiwa na virusi, mkulima ameununua ugonjwa kwa fedha yake, na atakaa nao mavuno baada ya mavuno, kwa sababu shina lililoambukizwa huchipua maotea (miwa inayoota tena baada ya kuvunwa) yenye virusi vilevile. Hakuna dawa ya kulitibu. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuzuia magonjwa haya hufanyika kwenye shamba la mbegu, na hufanyika kwa macho.

Batobato, ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka, hutafutwa miwa ikiwa michanga, kuanzia wiki ya sita baada ya kupanda hadi kabla mistari haijafunga, yaani kabla majani hayajafunika nafasi kati ya mistari. Ingia shambani asubuhi, jua likiwa mgongoni. Chukua jani changa la juu lililofunguka, liinue kuelekea mwanga, kisha tazama sehemu ya chini, karibu na linapoungana na ala yake, ile sehemu inayolizunguka shina. Jani lenye batobato huonyesha mabaka na vijistari vya kijani kilichoiva juu ya kijani hafifu au manjano, bila mpangilio. Mabaka hayo hufifia jani linapokomaa, kwa hiyo anayekagua majani ya chini tu atasema shamba ni zima wakati si zima.

Usichanganye na upungufu wa rutuba. Ukosefu wa naitrojeni huanzia majani ya zamani na kuyafanya manjano kwa usawa. Ukosefu wa madini ya chuma huonekana kwenye majani machanga, lakini mistari yake imenyooka kufuata mishipa, na kwa kawaida huathiri eneo zima la udongo wa chumvichumvi au chokaa. Batobato huweza kushika shina moja, jirani yake likabaki salama.

Ugonjwa wa manjano ya majani hufanya kinyume: hujificha utotoni na kujitokeza baada ya miezi sita au zaidi, hasa miwa ikipata ukame. Geuza jani la tatu hadi la sita kutoka juu. Mshipa mkuu upande wa chini huwa wa manjano, halafu ncha ya jani hukauka kuelekea chini. Mashina mengine hubeba virusi bila kuonyesha chochote, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Mbegu mama ipimwe maabara, au itoke kwenye miche ya chupa, iliyokuzwa maabara. Tanzania, waulizeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha. Kenya, kituo cha utafiti wa miwa cha KALRO kilichopo Kibos.

Wengi hukimbilia kupulizia dawa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani na kueneza virusi. Kwa batobato ni hasara. Kidukari huchukua virusi na kuviingiza kwenye mmea mwingine kwa kuonja tu, kwa sekunde au dakika chache, kabla dawa haijamuua. Wakisumbuliwa na dawa, huhamahama na kuonja mimea mingi zaidi. Maji moto ya nyuzi 50 kwa saa mbili, yanayosaidia dhidi ya ugonjwa wa kudumaa kwa maotea, nayo si ya kutegemewa kuondoa batobato.

Kinachosaidia ni kung'oa. Kwanza hesabu: chagua sehemu tano zilizotawanyika, kagua mashina 20 kila sehemu. Kwenye shamba la miwa ya kiwandani, yenye dalili yakizidi matano kati ya 100, kung'oa hakulipi. Vuna, usikate mbegu humo, na panga kulilima upya. Yakiwa machache, ng'oa shina zima na mizizi yake. Kukata kwa panga ni kulialika lichipue tena. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu hadi mistari ifunge. Shamba la mbegu halina msamaha: kila shina lenye dalili linatoka, na likionekana kuenea, shamba lote linaacha kuwa la mbegu.

Mapengo nayo hujazwa kwa pingili za mbegu ileile safi. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuokota vipande shamba la jirani ili wasirudi kwenye kitalu.

Mahindi na mtama vikae mbali na shamba la mbegu, kwani virusi vya batobato ya miwa hushika mahindi pia. Vikikutana na virusi vya aina nyingine kwenye mahindi huleta MLN, ugonjwa hatari wa mahindi ulioripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Bomet, mwaka 2011. Palilia magugu jamii ya nyasi hadi kwenye kingo na mifereji.

Unapolima upya shamba lenye ugonjwa, usipande siku chache baadaye. Subiri mashina ya zamani yachipue, yaue yote kwa jembe au kiuamagugu, kisha kagua tena baada ya mvua. Oteo moja la zamani likibaki katikati ya mistari mipya, vidukari wana pa kuchukulia virusi.