Kompyuta ya mezani inawaka, feni zinazunguka, kioo cheusi: namna ya kuitafuta hitilafu

Unabonyeza swichi, taa inawaka, feni zinavuma, monita inaandika "No Signal" kisha inalala. Wengi hapo hukata shauri kwamba mazabodi (bodi kuu) imekufa, au kioo kimekufa. Mara nyingi si hiki wala kile.

Feni kuzunguka kunathibitisha jambo moja tu: volti 12 zinaifikia feni. Prosesa (CPU), RAM (kumbukumbu ya muda) na picha ni habari nyingine. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ikishawaka, inatakiwa kwanza iitumie mazabodi ishara kwamba umeme umetulia, na bila ishara hiyo prosesa inazuiwa isianze kazi. Ikishaipata, BIOS (programu ya kuamshia mashine iliyo ndani ya mazabodi) inaikagua prosesa, inaikagua RAM, inatafuta kadi ya picha, ndipo herufi ya kwanza itokee kwenye kioo. Mlolongo huo ukikatika popote, feni zitaendelea kuzunguka kama kawaida. Kazi yako ni kujua umekatikia wapi, na usinunue kitu chochote kabla ya kujua.

Maelezo haya yanafaa zaidi kwa mashine zilizojaa maofisini na kwenye stationery: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, pamoja na zile za kuunganisha mwenyewe.

Andaa bisibisi ya nyota, kifutio cheupe cha penseli, brashi laini, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, betri mpya ya CR2032 (ya saa ya mazabodi) na multimita. Ukiweza kuazima RAM moja unayojua ni nzima, ya aina ileile ya mashine yako, azima. Itakusaidia kuliko vifaa vingine vyote hapo juu.

Hatua ya 1: Mashine ni nzima au ni mfu?

Chomeka kibodi ya USB nyuma ya mashine, washa, subiri kama dakika moja, kisha bonyeza Num Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine imepita ukaguzi na inafanya kazi gizani: shida iko upande wa picha, nenda hatua ya 2. Taa isipojibu, elekea kuamini kwamba mashine imekwama kabla ya kufika kwenye picha. Hata hivyo pitia hatua ya 2 haraka, maana haigharimu kitu.

Kama ni mashine mpya yenye RAM ya DDR5, usiwe na haraka. Mara ya kwanza kuwashwa, au baada ya kubadilisha RAM, inaweza kukaa dakika kadhaa ikiipima RAM huku kioo kikiwa cheusi. Ukizima katikati, inaanza upya.

Hatua ya 2: Monita, kebo, adapta na tundu

Monita ikiandika "No Signal" au ikionyesha menyu yake, kioo na taa ya nyuma ni vizima. Ingia kwenye menyu hiyo uchague chanzo kwa mkono, VGA, HDMI au DisplayPort, usiiachie ijichagulie.

Angalia nyuma ya kasha kebo imechomekwa wapi. Matundu ya picha yaliyo pamoja na ya USB ni ya mazabodi. Yale ya chini yaliyolala kwenye bamba lake peke yake ni ya kadi ya picha. Kadi ikiwepo, mashine nyingi huzima matundu ya mazabodi, kwa hiyo kebo lazima ikae kwenye kadi. Na ukiitoa kadi, hakikisha prosesa ina uwezo wa picha ndani yake. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F na i5-12400F, hazina. Ryzen nyingi za mfululizo wa 5000 kushuka chini zisizo na herufi G pia hazina. Hizo bila kadi hazitatoa picha hata zikiwa mpya kutoka boksini.

Adapta ndiyo inayopoteza muda wa watu. OptiPlex 7010 ya zamani na 9020, kwa mfano, hazina HDMI; zina VGA na DisplayPort. Kebo ya kutoa picha DisplayPort ya mashine kwenda HDMI ya monita inakubali upande huo mmoja tu. Ukiwa na mashine yenye HDMI na monita yenye DisplayPort, kebo hiyohiyo ukiigeuza haitaonyesha kitu, na haijaharibika: inahitajika adapta yenye saketi ya kubadilisha mawimbi, ambayo nyingi huchomekwa kwenye USB zipate umeme.

Kwenye kebo ya VGA, chungulia pini. Iliyopinda inyooshe kwa kibano. Pini ya 9, katikati, kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo, kwa hiyo ukihesabu 14 badala ya 15 usidhani imekatika.

Kwa DisplayPort, chomoa kebo pande zote mbili, zima monita ukutani dakika moja, rudisha. Mawasiliano kati ya mashine na monita hukwama wakati mwingine na hilo huyaamsha.

Hatua ya 3: Isome milio na taa

Mashine za maofisini hujieleza zenyewe, ila lazima ujue lugha ya kila kampuni. Dell za kizazi cha OptiPlex 790 na 990 hupiga milio: miwili ni hakuna RAM iliyoonekana; minne ni RAM imefeli kusomwa au kuandikwa; mitano ni betri ya saa; sita ni kadi ya picha; saba ni prosesa. HP Compaq za zamani huwasha taa nyekundu ya swichi na kulia idadi sawa: mbili ni joto, tatu prosesa, nne umeme, tano RAM, sita picha, saba mazabodi. Vizazi vipya vya kampuni zote mbili hutumia mfumo mwingine wa taa za rangi mbili, na maana hubadilika kati ya modeli na modeli. Chukua namba kamili ya modeli na ufungue mwongozo wake. Usitumie jedwali la modeli ya jirani.

Mazabodi za kununua dukani mara nyingi zina taa nne ndogo pembeni zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (kuanza kutoka kwenye diski). Ile inayobaki inawaka ndiyo sehemu ulipokwama. Zisipokuwepo, tafuta spika ndogo ya pini nne, uichomeke palipoandikwa SPEAKER. Bei yake ni ndogo.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Chomoa umeme, toa RAM zote, rudisha umeme, washa. Mashine ikilia au kuwasha taa ya kulalamika kwamba hakuna RAM, basi prosesa iko hai, BIOS inasomeka na sehemu kubwa ya mazabodi inafanya kazi. Umeondoa nusu ya washukiwa bila kununua kitu. Ikikaa kimya kabisa, na unajua spika au taa yake ni nzima, shida iko kwa pawa saplai, prosesa, BIOS au mazabodi, RAM haihusiki.

Hatua ya 4: RAM

Hapa ndipo kioo cheusi kinapotokea zaidi, hasa kwenye mashine iliyosafirishwa, iliyokaa bila kutumika, au iliyo karibu na bahari ambako hewa ya chumvi huzila pini.

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha shikilia swichi ya kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Gusa chuma tupu cha kasha. Toa RAM na uziangalie meno ya dhahabu kwenye mwanga: yakiwa yamefifia, yana madoa meusi au ukungu wa kijani, umempata mshukiwa. Sugua taratibu kwa kifutio pande zote mbili kutoka juu kwenda ukingoni, futa mabaki yote, pitisha kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi, acha ikauke. Sloti isafishe kwa brashi kavu. Usiingize kitu cha chuma humo. Ukipuliza vumbi kwa bloa, zuia feni kwa kidole. Feni ikizungushwa kwa kasi na upepo huzalisha umeme na huua beringi zake.

Rudisha RAM moja tu. Kwenye mazabodi nyingi za dukani zenye sloti nne, ya kuanzia ni ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Dell na HP za maofisini zina mpangilio wao, mara nyingi umechorwa ndani ya mfuniko. Bonyeza kila ncha mpaka kishikio kijifunge chenyewe na usikie "ta". Upande mmoja ukifunga na mwingine ukabaki juu nusu milimita, feni zitazunguka na picha haitakuja. Washa, subiri dakika moja. Haikukubali, ibadilishe sloti. Bado, jaribu RAM nyingine. Jaribu kila RAM kwenye kila sloti kabla ya kusema ni mbovu. Sloti moja ikikataa kila RAM huku nyingine ikikubali, angalia pini za soketi ya prosesa. Pini moja iliyopinda pale inatosha kuua upande mzima wa RAM.

Kama shida imeanza siku ulipoongeza RAM, soma lebo. Kuna DDR3 za GB 8 za bei ya chini zinazokubali kwenye mashine za AMD pekee. Kwenye Intel hupati hata mlio wa maana. Kuna RAM za seva za aina ya Registered, ambazo kwa DDR3 na DDR4 zinafanana kwa macho na za kawaida na zinaingia bila shida, lakini kompyuta ya mezani ya kawaida haizikubali. Muuzaji akikwambia "RAM ni RAM", mrudishie.

Hatua ya 5: Kurudisha BIOS mwanzo

Umeme ukiwa umechomolewa, toa betri ya CR2032, shikilia swichi sekunde 15, subiri dakika tano. Ipime betri: mpya hutoa volti 3 na zaidi kidogo, ikishuka chini ya 2.7 itupe. Baadhi ya mashine hazipiti ukaguzi kabisa betri ikiwa imekufa. Dell wana pini mbili zilizoandikwa RTCRST za kuunganisha kwa jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini). Baadhi ya bodi za HP zina kitufe kidogo.

Kabla hujafanya hivyo, jua mambo mawili. Dell nyingi zikirudi mwanzo huweka diski kwenye hali ya RAID, moja ya njia za mashine kuwasiliana na diski. Kama Windows ilisakinishwa kwenye AHCI (njia nyingine), picha itarudi lakini Windows haitapanda mpaka uingie BIOS ubadilishe. Na diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows), unaweza kuombwa namba ya kuifungulia ya tarakimu 48. Itafute mapema.

Hatua ya 6: Umeme

Angalia kwanza kiunganishi cha prosesa, pini 4 au 8, karibu na soketi yake. Kikisahauliwa au kikilegea, feni zinazunguka vizuri na hakuna picha. Kadi ya picha yenye tundu la pini 6 au 8 nayo inataka waya wake.

Kwenye pawa saplai ya kawaida ya pini 24, weka multimita kwenye DC 20V, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu ipenyeze nyuma ya kiunganishi mashine ikiwa imewashwa. Njano iwe volti 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Zambarau iwe na 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Wa kijivu ndio ile ishara ya umeme kutulia: lazima upande karibu na 5 mara tu baada ya kuwasha. Ukibaki sifuri, usihangaike na RAM tena. Chomoa diski na kadi ya picha upime upya. Ukiendelea kuwa sifuri, azima pawa saplai nyingine.

OptiPlex 3020, 7020 ya zamani na 9020 zinatumia kiunganishi chao cha pini 8, si cha kawaida. Usijaribu kuchomeka cha aina nyingine kwa nguvu. Pawa saplai nyingi za Dell zina kitufe na taa ya kijani kwa nyuma: ziachanishe na mazabodi, bonyeza, taa isipowaka imeisha. Usiifungue ndani. Kapasita zake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 7: Punguza kila kitu

Acha prosesa na feni yake, RAM moja, na picha kutoka mazabodi (au kadi ya picha, kama prosesa haina picha ndani yake). Diski, kadi nyingine, USB za mbele, vyote nje. Picha ikirudi, ongeza kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa kila mara. Isiporudi, toa mazabodi kwenye kasha uiweke juu ya katoni kavu, uunganishe umeme, kisha gusisha pini mbili za PWR (za swichi ya kuwashia) kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka na kuonyesha picha hapo, kuna parafujo au mguu wa chuma ndani ya kasha unaogusa mahali pasipofaa.

Prosesa iache mwisho, maana yenyewe hufa mara chache. Ukiinyanyua, angalia pini za soketi kwa kuinamisha bodi kwenye mwanga, mstari kwa mstari. Iliyopinda huakisi tofauti na wenzake. Weka pesti mpya (ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) ya ukubwa wa punje ya njegere na ukaze parafujo za kipoozeo kwa mshazari, bila kubana upande mmoja.

BIOS ikiwa ndiyo iliyoharibika, kwa mfano umeme ulikatika ikisasishwa, Dell nyingi za karibuni hujirejesha ukishikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka waya wa umeme. HP ni Windows na B pamoja na swichi. Zote huhitaji faili sahihi kwenye diski au flashi.

Kapasita zilizovimba juu, harufu ya kuungua, au ukimya uleule baada ya yote haya: mazabodi ndiyo. Uliza bei ya mazabodi iliyotumika na bei ya mashine nzima ya modeli hiyo isiyo na diski, uzilinganishe. Diski yako toa mapema. Kwa kebo ya SATA kwenda USB mafaili yanasomeka kwenye mashine nyingine siku hiyohiyo.