Hesabu ndoo kwanza: kuanza na mtumbwi mpya Nyumba ya Mungu

Mimi nauza samaki Moshi, soko la Mbuyuni. Kwa miaka mingi nilikaa kwenye meza yangu nikisubiri perege waje kwa pikipiki kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, na wakichelewa mimi ndiye ninayeulizwa na wateja kwa nini macho yamezama. Nikachoka. Nikatengenezesha mtumbwi wangu mwenyewe, wa mbao, futi 22, vijana wanne wa kuufanyia kazi. Pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, mwenye chombo anaitwa tajiri, hata kama mbao zenyewe kazikopa kikoba. Basi nikawa tajiri.

Sijui kutupa nyavu na sitakufundisha hilo. Ninachokijua ni chombo chenyewe: namna ya kukipokea kwa fundi, kukishua yaani kukiingiza majini, kukitumia kisimzamishe mtu, na kukitunza. Nimejifunza kwa hasara, na pia kwa fundi wangu, mzee wa Pangani aliyehamia huku bara na Kiswahili chake cha baharini. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema omo kwa mbele na tezi kwa nyuma, na kalafati kwa ile kazi ya kuziba nyufa.

Usimlipe fundi salio lote kabla hujakagua. Nenda mchana jua likiwa kali, ingia ndani ya mtumbwi, inama, mtu mwingine akufunike na turubai juu. Ukiwa gizani hivyo, kila mahali mwanga unapopenya kati ya mbao, maji nayo yatapenya. Weka alama kwa chaki. Kisha angalia misumari: iwe ile iliyopakwa zinki, na ncha zilizotokeza ndani ziwe zimekunjwa na kulazwa kwenye mbao, maana ncha iliyosimama itachana nyavu na miguu ya vijana. Angalia vifundo vya mbao. Kifundo kikavu kinachotikisika ukikisukuma kwa kidole gumba kitadondoka siku moja mkiwa katikati ya bwawa, na kitaacha tundu la mviringo.

Kalafati ni pamba iliyosokotwa kama utambi, ikatiwa mafuta, ikagongwa kwenye nyufa kwa patasi butu. Nilidhani ikishindiliwa zaidi ndiyo bora. Fundi akanikataza: "Mama, mbao zikinywa maji zitavimba. Ukijaza pamba mpaka pomoni, zitavimba ziende wapi?" Zikikosa nafasi zinasukumana mpaka misumari inalegea kwenye mataruma, zile mbavu za ndani. Pamba ijae bila kulazimishwa, juu yake putti, halafu rangi, na rangi ipakwe mbao zikiwa kavu kabisa.

Sasa kosa langu. Mtumbwi ulikamilika, mimi nikawa sina hela ya nyavu. Ukakaa ufukweni miezi miwili juani. Niliporudi na hela, kadi yangu ya benki iliingia kati ya mbao mbili na kutokea upande wa pili. Nikalia nikidhani nimetapeliwa. Fundi akacheka tu. Mbao zilikuwa zimekauka zikanywea. Kwa hiyo kama chombo chako kimekaa nchi kavu zaidi ya wiki mbili, usikitie majini siku hiyo hiyo. Tandika magunia ndani, yaloweshe asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne, na nje ukimwagie maji pia. Lakini usikijaze maji kikiwa nchi kavu! Lita elfu moja za maji ni tani nzima, na mtumbwi uliolala juu ya magogo mawili hauna cha kuushika tumboni kama bwawa linavyoushika. Utaachana viungo.

Siku ya kushua, fika alfajiri. Upande wetu wa Lang'ata upepo huanza kupanda kadiri jua linavyopanda, na mchana bwawa linakuwa na mawimbi mafupi mafupi yasiyo na adabu. Saa kumi na mbili asubuhi maji yametulia. Tafuta watu wanane na magogo ya mviringo matano. Mtumbwi ubiringishwe juu ya magogo, usiburutwe kwenye mawe, maana kalafati ya chini ndiyo itakayong'oka na hutaiona. Watu wasimame ubavuni, asiwepo hata mmoja mbele yake kwenye mteremko. Na wavae buti za mpira, kichocho kipo.

Ukishaelea, asipande mtu. Ufunge omo na tezi, kwenye maji ya magotini, chini pawe mchanga. Utavuja. Chombo kipya cha mbao kinavuja, hilo lisikupe presha. Uache hapo siku tatu mpaka tano, kijana mmoja alale karibu, maana wezi hawasubiri uzinduzi. Na hapa ndipo lilipoanzia daftari langu, ambalo vijana walilicheka mwanzoni. Kila asubuhi kabla ya mtu kugusa kitu, maji yaliyoingia usiku yanatolewa kwa ndoo ya lita kumi, na ndoo zinahesabiwa. Siku ya kwanza tuliandika 31. Ya pili 19. Ya tatu 9, ya tano 3, halafu ikatulia kwenye 2. Hizo mbili ndizo kawaida ya mtumbwi wangu. Wako utakuwa na kawaida yake. Ikiwa siku ya tano bado unatoa ndoo kumi na tano, mbao zimeshavimba na tundu lililobaki ni tundu kweli. Upandishe, mwite fundi.

Baada ya hapo ndiyo majaribio ya uzito, bado kwenye maji ya kiunoni. Vijana wote wanne wapande, wavae majaketi okozi, kisha wote wasogee upande mmoja taratibu. Utaona mdomo wa mtumbwi, ule ukingo wa juu ubavuni, unashuka kiasi gani. Ongeza mzigo kidogo kidogo mpaka ubaki umbali wa shubiri mbili kati ya maji na mdomo, halafu chora mstari wa rangi nyekundu hapo kwenye maji yalipofika, pande zote mbili. Mstari ukizama, mzigo umezidi, awe ni samaki, kuni au mtu. Hesabu rahisi: mtu mzima mchukulie kilo 70, ndoo kubwa ya maji kilo 20, na nyavu zilizolowa ni nzito kuliko ulivyozibeba asubuhi. Mzigo ulale chini katikati, usipangwe juu ya viti.

Ule mstari nilichora baada ya tukio. Kulikuwa na msiba ng'ambo, upande wa Simanjiro, watu wakaomba wavushwe. Mimi nilikuwa Mbuyuni. Nahodha wangu wa wakati huo akapakia watu kumi na mmoja, kina mama na vitenge vyao na sufuria ya pilau, jaketi moja. Katikati mtu akasimama kumpokea mwenzake mtoto, chombo kikalala, maji yakaingia mpaka magotini. Walifika, Mungu mkubwa, wakitoa maji kwa ile sufuria. Nahodha akaniambia hakuna mtu atakayekataa kuvusha watu wa msiba. Namwelewa. Lakini siku hizi mstari ndio unaokataa, sio yeye: anawaonyesha tu rangi, anavusha kwa safari mbili.

Majaketi yawe sawa na idadi ya watu, na yavaliwe. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Nimeongeza kitu kingine ambacho hakina gharama: madumu sita matupu ya lita 20, vizibo vimekazwa, yamefungwa kwa kamba imara chini ya viti. Kila dumu likizama linasukuma juu karibu kilo 19. Mtumbwi ukijaa maji hautashuka chini, utabaki ukielea kwenye usawa wa maji, na vijana wana cha kushika. Amri yangu kwao ni moja: ukipinduka, shikilieni mtumbwi, mtu asiogelee kwenda nchi kavu. Ufukwe kule unaonekana karibu kuliko ulivyo. Kila mtu pia ana filimbi shingoni, na kuna tochi mbili kwenye mfuko wa plastiki, makasia mawili ya akiba, upondo (ule mti mrefu wa kusukumia), nanga, na ndoo mbili za kutolea maji zilizofungwa kwa kamba. Zifunge kweli. Ndoo isiyofungwa ndiyo ya kwanza kuelea ikaenda zake.

Bwawa hili lina tabia zake, na ukitoka ziwa lingine jifunze upya. Maji yanaingia kutoka mto Kikuletwa na mto Ruvu utokao Ziwa Jipe, yanatoka kuwa mto Pangani. Pale kwenye tuta kuna mitambo ya umeme ya megawati 8, na chini zaidi kuna Hale na New Pangani Falls, zote zinategemea maji haya haya. Maana yake kwako ni kwamba maji hupanda na kushuka, na ufukwe unahama. Mtumbwi uliofungwa kwenye maji leo, kiangazi unaweza kuukuta baada ya siku kadhaa umelala kwenye tope juani, mbao zinaanza tena kufunguka. Usogeze kila siku. Kiangazi pia visiki ambavyo Aprili mlipita juu yake vinakuwa shubiri moja chini ya maji. Kijana mmoja akae omo na upondo mnapokaribia nchi kavu. Masika mito ikifurika, magogo yanashuka na maji ya kahawia, usiku hayaonekani kabisa. Wakati huo sisi hatuendi upande wa midomo ya mito gizani.

Viboko na mamba wapo. Kiboko usipite kati yake na kina kirefu, ndiko anakokimbilia. Wavuvi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia wakikaribia matete, ili asishtuke, kisha huzunguka mbali. Mikono na miguu isining'inie majini wakati wa kusafisha samaki.

Hali ya hewa sikiliza utabiri wa TMA redioni, halafu uangalie mwenyewe. Wingu jeusi likikaa upande wa milima ya Upareni na upepo ukabadilika ghafla kuwa baridi, nyavu zinaweza kuachwa. Nyavu nimenunua mara tatu. Nahodha hauzwi Mbuyuni.

Mashine nilinunua mwaka wa pili, ya nguvu farasi 9.9, ya kuchanganya petroli na oili. Soma kitabu chake, ufuate kipimo chake, usifuate cha jirani. Yangu ni lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, ila saa kumi za mwanzo oili ilikuwa mara mbili, na hatukuipeleka kasi. Ikiwaka tu, tazama ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni: usipouona, zima, mashine haipozwi. Kamba ya swichi ya kuzimia ifungwe mkononi mwa anayeendesha, akianguka mashine izime. Kila wiki toa rafadha, ile pangaboi ya nyuma, uangalie kama uzi wa nyavu umejisokota nyuma yake, maana hukata sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji yakaingia kwenye oili ya gia, na oili ikabadilika rangi kama chai ya maziwa. Ukiiona hivyo ni safari ya kwa fundi Moshi mjini. Sigara na petroli sihitaji kueleza.

Makaratasi nayo mapema. Chombo kisajiliwe, TASAC ndio wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, na leseni ya uvuvi unakata kila mwaka kupitia afisa uvuvi wa halmashauri yako. Bwawa limegusa Mwanga, Moshi na Simanjiro, kwa hiyo uliza mapema unavua eneo la nani. Namba ichorwe omo, pande zote mbili. Kokoro na timba, nyavu haramu hizo, usizipakie hata kwa kumbebea mtu. Zikikamatwa ndani ya mtumbwi wako, ni zako.

Utunzaji wa kila siku hauna ufundi mkubwa. Samaki wakishashushwa, osheni ndani, utelezi wote utoke, na maji ya mvua yasilale humo, hayo ndiyo yanayoozesha mbao kutoka ndani. Fungeni matairi ya pikipiki ubavuni usigongane na wenzake. Kila baada ya miezi sita tunaupandisha, tunaugeuza juu ya mawe, kamwe sio juu ya udongo kwa sababu ya mchwa, tunakwangua ukoka wa majini, tunauacha ukauke kivulini wiki moja. Kisha nachukua kisu kidogo na kuchoma kila ubao karibu na misumari. Kikiingia kama kwenye ndizi mbivu, ubao huo unabadilishwa. Nagonga na nyundo pia: mbao nzima inalia, iliyooza inaitikia kwa sauti ya gunia. Kalafati iliyotoka inarudishwa, rangi, na unarudi majini kabla haujakauka kupita kiasi.

Daftari bado lipo, sasa ni la tatu. Nahodha hunitumia namba kwa simu kila asubuhi kabla sijafungua meza: 2, 2, 2, 2. Wiki iliyopita ikaja 3, Jumatatu 3, jana 5. Kesho napanda gari la kushukia Kifaru, nina pamba kilo moja kwenye kikapu, na fundi nimeshampigia.