Mama kijacho wa Moshi, muulize daktari haya mapema

Usisubiri uchungu ukushike ndipo umjue daktari wako. Kliniki ijayo muulize: "Njia yangu ikifunguka polepole, utanisubiri au nitapelekwa tieta kupasuliwa?" Anayejibu "tutaangalia wewe na mtoto mnaendeleaje", huyo mshike. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema njia kufunguka chini ya sentimita 1 kwa saa, peke yake, si sababu ya kupasuliwa.

Uliza pia kama utaruhusiwa kutembea na kuwa na mtu wako. Uzazi wa kwanza nililazwa chali tangu sentimita 3, nikateseka mno. Wa pili nilitembea koridoni nimeegemea bega la dada, mkunga akinisugua kiuno. Jamani, ni tofauti kubwa!

Na mkunga wako pia mfahamu, maana usiku mara nyingi ndiye atakayekuzalisha.

Kama ulishapasuliwa, au unakaa mbali huko juu Marangu au Kibosho, chagua hospitali yenye tieta inayofanya kazi saa 24. Daktari mzuri atakueleza waziwazi ni dalili zipi zitamlazimu akupasue.