Mtu wako akianza kuchelewa kazini, anza hivi
Kama unasimamia watu, iwe jikoni hotelini au dukani, na kuna mmoja alikuwa anawahi siku zote sasa wiki ya pili anaingia saa mbili na nusu badala ya saa moja, usimfokee mbele ya wenzake jamani. Mvute pembeni, kaeni chini wote wawili, simu weka mfukoni, muulize tu "vipi, nyumbani kwema?" alafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, maana mabosi wengi tunakimbilia kujibu kabla mtu hajamaliza.

Mi kuna dada wa kaunta nilimkata hela ya siku nzima, kumbe mtoto kalazwa na yeye kila asubuhi anatokea wodini, kanga ya kulalia bado iko kwenye mkoba. Iliniuma sana.

Akishasema, mpe kitu cha kushikika, mbadilishie shifti au mtafutie wa kumshikia zamu. Na ujue sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiumwa au yeye mwenyewe akifiwa na mzazi, kwa hiyo hiyo sio hisani yako. Baada ya siku mbili tatu muulize tena, mtoto anaendeleaje.